Mkuu wa sheria wa kampuni si mtunza muhuri tena: kwa nini Nyakanazi imfahamu

Na Mwandishi Wetu, Biharamulo

Nyakanazi ni njia panda. Lori linalotoka bandari ya Dar es Salaam na kupita Isaka na Kahama hufika hapa kabla ya kuelekea Lusahunga, na kutoka huko kwenda mpaka wa Rusumo kwa mizigo ya Rwanda au mpaka wa Kabanga kwa mizigo ya Burundi. Anayekwenda Kakonko, Kibondo, Kasulu na Kigoma hukata kona hapa hapa. Juu ya vichwa vya wasafiri hao zinapita nyaya za umeme wa msongo wa kilovolti 220, njia moja ikitoka Geita na nyingine ikitoka maporomoko ya Rusumo, zote zikikutana katika kituo cha kupoza umeme cha Nyakanazi. Kutoka kituo hicho ndipo inapoanzia njia ya kilovolti 400 ya kuelekea Kigoma.

Mwananchi huziona nguzo na kusikia honi za malori. Asichokiona ni karatasi zilizotangulia vyote hivyo. Umeme wa Rusumo, megawati 80 zinazogawanywa sawa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi, unazalishwa na kampuni iliyoundwa na mataifa matatu. Bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki, lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani mkoani Tanga, linaingia nchini kupitia Mkoa wa Kagera na kukatiza Wilaya ya Biharamulo, nalo ni mali ya kampuni yenye wanahisa wanne: TotalEnergies yenye asilimia 62, kampuni za mafuta za Taifa za Uganda na Tanzania zenye asilimia 15 kila moja, na CNOOC ya China yenye asilimia 8. Upande wa Ngara kuna nikeli ya Kabanga, ambayo mpango wake unaunganisha mgodi wa Ngara na kiwanda cha kusafisha madini Kahama. Barabara kati ya miji hiyo miwili hupita Nyakanazi.

Kila moja ya miradi hii imesimama juu ya mkataba, na nyuma ya kila mkataba yupo mtu ambaye jina lake halitajwi katika hotuba za uzinduzi. Huyo ni mwanasheria wa juu kabisa aliyeajiriwa ndani ya kampuni. Baadhi ya kampuni humwita Mkurugenzi wa Sheria, nyingine Mwanasheria Mkuu wa kampuni, nyingine humpa kofia ya pili na kumwita Katibu wa Kampuni. Ili asichanganywe na Mwanasheria Mkuu wa Serikali, ambaye ni mshauri wa Serikali kwa mujibu wa Katiba, katika uchambuzi huu tutamwita mkuu wa sheria.

Sisi maofisa habari tunamfahamu kwa jambo moja hasa: taarifa kwa umma haitoki mpaka aipitie, na mara nyingi hurudi ikiwa fupi kuliko ilivyokwenda. Miaka iliyopita hilo lilikuwa karibu kazi yake yote inayoonekana. Alikaa mwisho wa korido, akitunza muhuri wa kampuni na mihutasari ya bodi, akipokea hati za madai na kuzipeleka kwa wakili wa nje. Uamuzi ulipofika mezani kwake ulikuwa umekwisha kufanywa, na kilichotakiwa kwake ni kuuvalisha nguo za kisheria. Leo kampuni inayoendesha mambo yake hivyo hujikuta mahakamani, au mbele ya wasuluhishi wa kimataifa, kabla ya kuchimba tani ya kwanza.

Mabadiliko haya hayakuanzia kwetu. Mwaka 1987 kampuni ya General Electric ya Marekani ilimwajiri Ben Heineman kuongoza idara yake ya sheria, naye akaanza kuwavuta ndani ya kampuni mawakili wabobezi waliokuwa wakifanya kazi katika ofisi kubwa za uwakili. Kampuni nyingine zilifuata. Hoja ilikuwa rahisi: anayekaa ndani huijua biashara tangu asubuhi, na ushauri anaoutoa mapema ni nafuu kuliko utetezi unaonunuliwa baada ya maji kumwagika. Kisha ikaja aibu ya kuanguka kwa Enron mwaka 2001. Mwaka uliofuata Bunge la Marekani lilitunga sheria iliyofungua njia ya kanuni zinazomtaka wakili anayeona dalili za uvunjaji wa sheria katika kampuni iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa kulipeleka jambo hilo kwa mkuu wa sheria au mtendaji mkuu, na asiporidhika na jibu, kulipandisha hadi kwenye kamati ya ukaguzi ya bodi. Kwa hatua hiyo mkuu wa sheria aliacha kuwa mtumishi wa meneja pekee. Alibebeshwa wajibu kwa kampuni yenyewe, hata pale meneja anapokuwa ndiye tatizo.

Nchini Tanzania mageuzi yalikuja kwa njia nyingine, na chanzo chake kikubwa ni madini. Mwaka 2017 Bunge lilipitisha sheria tatu zilizobadilisha msingi wa mikataba ya rasilimali: Sheria ya Mamlaka ya Nchi Kuhusiana na Umiliki wa Maliasili, Sheria ya Mapitio na Majadiliano Kuhusu Masharti Hasi katika Mikataba ya Maliasili, na marekebisho ya sheria mbalimbali yaliyoigusa Sheria ya Madini. Kwa marekebisho hayo Serikali hupata hisa zisizopungua asilimia 16, zisizofifishwa wala kulipiwa, katika kampuni yenye leseni ya kati au kubwa ya uchimbaji. Kanuni za ushirikishwaji wa Watanzania za mwaka 2018 zilikwenda mbali zaidi kwa kuitaka kampuni ya madini inayohitaji huduma za kisheria hapa nchini kutumia wanasheria wa Kitanzania. Kanuni hiyo haijazungumzwa sana, lakini ina uzito, kwa kuwa mkataba unaohusu ardhi ya Ngara sasa hauwezi kusimamiwa na watu wa mbali peke yao.

Kabanga ndiyo darasa bora la kuonesha ukubwa wa jambo hili. Nikeli hiyo imejulikana tangu miaka ya 1970. Kampuni kubwa za dunia ziliipitia kwa zamu, na kwa miaka mingi eneo lilikuwa chini ya leseni ya kuhodhi, yaani leseni iliyomruhusu mwenye nayo kushikilia mashapo bila kuchimba akisubiri bei au teknolojia. Mwaka 2018 leseni za namna hiyo zilifutwa nchini kote. Januari 2021 Serikali ilitia saini mkataba wa msingi na kampuni ya Kabanga Nickel, ikazaliwa kampuni ya ubia ya Tembo Nickel, ambayo Serikali inamiliki asilimia 16 kupitia Msajili wa Hazina. Leseni ya uchimbaji mkubwa ilitolewa Oktoba mwaka huo huo. Kampuni mama, Lifezone Metals, iliorodheshwa katika Soko la Hisa la New York Julai 2023, na miaka miwili baadaye ikanunua asilimia 17 ambazo BHP ilikuwa nazo katika Kabanga Nickel.

Kiti cha mkuu wa sheria katika mradi kama huo kinatazama pande nyingi. Kwa upande mmoja kuna wawekezaji wa New York, ambao kampuni inawajibika kuwapa taarifa za kweli kuhusu kila jambo linaloweza kuathiri thamani ya hisa zao, ikiwemo mgogoro wa ardhi. Kwa upande mwingine kuna Tume ya Madini na masharti ya leseni, Msajili wa Hazina akiwa mwanahisa, wajumbe wa bodi walioteuliwa na Serikali, na Halmashauri ya Wilaya ya Ngara inayopaswa kukubaliana na kampuni kuhusu mpango wa kila mwaka wa wajibu wa kampuni kwa jamii. Na mwisho kuna kaya inayoombwa kuhama. Zamani pande hizi zilishughulikiwa na idara tofauti ambazo hazikuzungumza. Siku hizi kosa la upande mmoja hujulikana upande wa pili kwa haraka sana, na anayetarajiwa kuliona kabla halijatokea ni mkuu wa sheria.

Upande wa Serikali nao umelipa ada ya somo hili. Kampuni tatu za nje zilizokuwa na leseni za kuhodhi, mbali na iliyokuwa Kabanga, zilifungua mashauri ya usuluhishi wa kimataifa baada ya leseni hizo kufutwa. Serikali ilikuwa na hoja nzito: rasilimali ya Taifa haikuwekwa ardhini ili ishikiliwe kwa miongo bila kumnufaisha mwananchi. Hata hivyo mikataba ya ulinzi wa uwekezaji iliyokuwa imesainiwa zamani iliwapa walalamikaji mahali pa kusimama. Winshear Gold ilimalizana na Serikali Oktoba 2023 kwa dola za Marekani milioni 30. Indiana Resources na wenzake, waliokuwa wameshinda tuzo ya zaidi ya dola milioni 109, walikubali dola milioni 90 Julai 2024. Montero Mining ilikubali dola milioni 27 Novemba 2024. Jumla ni dola milioni 147. Majadiliano yalipunguza mzigo, nalo ni jambo la kupongezwa. Lakini fedha hizo zinatosha kueleza kwa nini swali la mwanasheria linapaswa kuulizwa siku uamuzi unapofikiriwa, wala si siku hati ya madai inapowasili.

Hali hiyo si ya madini peke yake. Wasomaji wa umri wa kati watakumbuka shauri la TANESCO na Dowans. Mkataba wa umeme wa dharura uliosainiwa mwaka 2006 na Richmond ulihamishiwa Dowans, ukavunjwa mwaka 2008, na Novemba 2010 wasuluhishi wa kimataifa wakaiamuru TANESCO kulipa takriban shilingi bilioni 94. Mjadala wa kisiasa wa wakati ule ulihusu nani alikuwa nyuma ya kampuni hiyo. Mjadala wa kitaaluma, ambao haukupata nafasi kubwa magazetini, ulihusu jambo kavu zaidi: je, njia iliyotumika kuuvunja mkataba ilikuwa ndiyo salama kisheria, na ushauri wa mwanasheria wa ndani ulisikilizwa kwa kiwango gani?

Mageuzi ndani ya Serikali

Februari 2018 Ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali ilifanyiwa mabadiliko makubwa. Iliundwa Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali kushughulikia mashauri ya madai na usuluhishi, na Ofisi ya Taifa ya Mashtaka kusimamia jinai, huku Mwanasheria Mkuu akibaki na ushauri, uandishi wa sheria na upekuzi wa mikataba. Mwaka 2020 ikafuata hatua iliyogusa moja kwa moja mashirika ya umma: Sheria ya Mashauri ya Serikali ilirekebishwa, na tangu hapo shauri dhidi ya shirika la umma, halmashauri au kampuni ambayo Serikali ina hisa nyingi huhesabiwa kuwa shauri dhidi ya Serikali, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali lazima aunganishwe. Mwaka 2022 wanasheria walio katika utumishi wa umma walipata chama chao cha kitaaluma, Chama cha Mawakili wa Serikali.

Kwa mabadiliko hayo, mkuu wa sheria wa shirika la umma amekuwa mtu wa mabwana wawili. Mshahara wake na majukumu yake ya kila siku yako kwa mtendaji mkuu wa shirika. Nidhamu ya taaluma yake na mwenendo wa mashauri yake viko chini ya Mwanasheria Mkuu na Wakili Mkuu wa Serikali. Wapo wanaoona mpangilio huu kuwa mzito, na kuna ukweli katika hoja yao, kwa sababu jibu linaloweza kutolewa Biharamulo kwa siku moja linaweza kusubiri barua ya Dodoma. Kwa maoni ya mwandishi, faida yake ni kubwa kuliko uzito wake. Mwanasheria mwenye mahali pengine pa kupeleka hofu yake ni vigumu kunyamazishwa na bosi mwenye haraka.

Uhuru huo ndio kiini cha mjadala mzima, na dunia haijaupatia jibu moja. Septemba 2010 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika shauri la kampuni ya Akzo Nobel, ilisema kwamba mawasiliano ya siri kati ya kampuni na mwanasheria wake wa ndani hayapati ulinzi wanaopata mawakili wa nje wakati wa uchunguzi wa ushindani wa kibiashara, kwa sababu mtu anayelipwa mshahara na kampuni hana uhuru sawa na wakili aliye nje. Uamuzi ule uliwakera wanasheria wengi wa makampuni. Hata hivyo unasema jambo ambalo kila mtumishi analijua bila kwenda mahakamani: ni kazi kumwambia anayekulipa kwamba amekosea. Ndiyo maana swali la nani humteua mkuu wa sheria, nani anaweza kumwondoa, na kama ana njia ya kufika mbele ya bodi bila kupitia mlango wa mtendaji mkuu, ni swali la maana zaidi kuliko cheo kilichoandikwa mlangoni pake.

Fidia ndiyo kipimo

Kwa mkazi wa Nyakanazi, Lusahunga au Bugarama, yote haya hupimwa mahali pamoja: fidia. Njia ya umeme, bomba, barabara na mgodi vyote vinahitaji ardhi, na ardhi ina wenyewe. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Kanuni za mwaka 2001 zinataja kinachohesabiwa: thamani ya ardhi katika soko, maendelezo yaliyomo ikiwemo nyumba na mazao, posho ya usumbufu, gharama za usafiri, posho ya makazi na hasara ya faida kwa mwenye biashara. Malipo yanapaswa kufanyika ndani ya miezi sita, na yakichelewa huongezwa riba. Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016 ikaongeza sharti muhimu: uthamini wa fidia ambao haujalipwa kwa miaka miwili hupoteza uhai, na lazima ufanyike upya.

Fikiria mkulima mwenye migomba, kahawa na nyumba ya bati katika eneo lililotengwa kwa mradi. Akishathaminiwa huambiwa asiendeleze. Hapandi tena mazao ya kudumu wala haongezi chumba, na watu hawanunui ardhi iliyowekewa alama. Kila mwezi unaopita bila malipo ni hasara ambayo hakuna jedwali linaloinasa yote. Kampuni nayo ina sababu zake za kuchelewa: fedha za mkopo hazijatoka, bodi haijaidhinisha, mwekezaji anasubiri bei ya madini. Hapo ndipo mkuu wa sheria aliye mezani anapotofautiana na aliye mwisho wa korido. Wa kwanza atauambia uongozi kwamba tusiwathamini watu kabla fedha haijawa tayari. Wa pili ataombwa, mwezi wa kumi na nane, aandike barua ya kueleza kwa nini subira inahitajika.

Kampuni za nje zimelazimika kuelewa hivyo hata pale sheria za kwetu zinapokuwa mbali na macho yao. Ufaransa ilitunga sheria Machi 2017 inayozitaka kampuni kubwa za nchi hiyo kuandaa na kutekeleza mpango wa kuzuia madhara kwa haki za binadamu na mazingira katika shughuli zao popote duniani, pamoja na za kampuni tanzu. TotalEnergies ilishtakiwa Paris kwa sheria hiyo kuhusu miradi ya mafuta ya Uganda na bomba linalopita Tanzania. Februari 2023 mahakama ilikataa shauri hilo kwa sababu za kiutaratibu, na Juni mwaka huo likafunguliwa jingine la kudai fidia. Mahakama ya Afrika Mashariki nayo ililiondoa Novemba 2023 shauri la asasi za kiraia dhidi ya mradi huo kwa kuwa lililetwa nje ya muda. Mradi haukusimama. Lakini sasa mkuu wa sheria aliye Paris analazimika kujua namna shamba lilivyopimwa Biharamulo, lipi lilipwe kwa fedha na lipi kwa nyumba mbadala, na kama mwanamke aliyelilima alisaini kwa jina lake.

Kuna eneo jingine jipya ambalo wengi hawajalitilia maanani. Katika zoezi la uthamini mwananchi hupigwa picha akiwa na namba yake, huchukuliwa alama za vidole, namba ya kitambulisho, akaunti ya benki, majina ya wenza na watoto. Tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika nchini, ikisimamiwa na Tume maalumu, na anayekusanya taarifa za namna hiyo anawajibika kwa usalama na matumizi yake. Orodha ya waliolipwa, pamoja na kiasi, ikitoka ofisini na kuanza kuzunguka katika simu, anayelengwa na matapeli ni mzee aliyepokea fedha nyingi kwa mara ya kwanza maishani mwake. Hilo nalo limeongezwa katika daftari la mkuu wa sheria.

Suala la lugha halipaswi kuachwa. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa na Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama nchini. Hatua hiyo imekwenda mbele katika mabaraza na mahakama za chini. Katika mikataba ya miradi mikubwa Kiingereza bado ndicho kinachotawala, na inaeleweka, kwa kuwa wakopeshaji na wanahisa wanatoka pande nyingi za dunia. Lakini hati anayosaini mwananchi kijijini si mkataba wa wakopeshaji. Mkuu wa sheria anayeruhusu jedwali la fidia lisomwe kwa Kiingereza na kufafanuliwa kwa mdomo anajitengenezea kesi, kwa sababu mtu anaweza kukana kwa haki kabisa kitu ambacho hakukielewa.

Si haki pia kumtwisha mtu mmoja mzigo wote. Mkuu wa sheria hawezi kulipa fidia isiyo katika bajeti, na wapo viongozi wa makampuni wanaompenda wakati wa kusaini na kumkwepa wakati wa kutekeleza. Vilevile wapo wanasheria ambao, baada ya kuingia chumba cha maamuzi, wamegeuka kuwa wafanyabiashara zaidi kuliko wafanyabiashara wenyewe. Mtu anayeshiriki kuamua kila jambo huona shida kulikagua. Hatari hiyo haikuwepo alipokuwa mtunza muhuri, na ni ya kuangaliwa na bodi, hasa katika kampuni ambazo Serikali ina hisa na wajumbe wake wanakaa kwenye viti hivyo kwa niaba ya wananchi.

Mwananchi afanye nini

Jambo la kwanza ni kujua anazungumza na nani. Meneja wa mahusiano ya jamii anayekuja kijijini ni mtu wa kupokea malalamiko, lakini ahadi yake ya mdomo haiifungi kampuni kama barua inavyoifunga. Lalamiko la fidia liandikwe, litaje namba ya mali iliyothaminiwa na tarehe ya uthamini, lipelekwe kwa kampuni likielekezwa idara ya sheria, nakala kwa ofisi ya kijiji na kwa Mkuu wa Wilaya, na mwombaji abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kwa asiyemudu wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua watoa huduma na wasaidizi wa kisheria, na Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia iliyozinduliwa mwaka 2023 imekuwa ikizunguka mikoani kwa shughuli hiyo hiyo.

Jambo la pili ni kutenganisha aina za kampuni, kwa sababu njia ya kudai hutofautiana. Anayeidai TANESCO kwa nguzo iliyopita shambani mwake, au halmashauri kwa barabara, anashughulika na chombo kinachoangukia chini ya Sheria ya Mashauri ya Serikali. Kampuni ya ubia ambayo Serikali ina asilimia 16 pekee haimo katika kundi la zile ambazo Serikali ina hisa nyingi, na ni vema mdai apate ushauri wa mwanasheria kabla ya kuchagua mlango, kwani shauri lililofunguliwa mahali pasipo pake huondolewa hata kama madai ni ya kweli.

Kwa shirika la umma, notisi ya kusudio la kushtaki hutolewa siku 90 kabla ya kufungua shauri. Ieleze msingi wa madai na nafuu inayoombwa, ipelekwe kwa shirika lenyewe, na nakala yake kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Shauri hufunguliwa Mahakama Kuu, ambayo kwa wakazi wa Biharamulo na Ngara ni Masjala ya Bukoba. Siku hizo 90 zinaonekana nyingi kwa mwenye shamba lililosimama, lakini ndizo siku ambazo notisi hukaa juu ya meza ya mkuu wa sheria wa shirika, akiwa na mamlaka ya kushauri mdai alipwe bila kesi.